Mnada wa korosho uko kwenye skrini, mama yangu ana karatasi nyeupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu korosho zetu kabla msimu haujafunguliwa.

Sisi wa Tandahimba tumeishuhudia biashara hii ikibadilika. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/2008, bei za wanunuzi zilikuja kwenye bahasha, bahasha zikatiwa kwenye sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya mkutano wa wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unapita Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaingiza bei kwenye mfumo akiwa popote alipo, nasi tuliokaa mkutanoni tunaiona kwenye skrini. Mzee asiyejua kusoma anasomewa na mjukuu wake. Naunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Bahasha zilituletea minong'ono mingi mno, na mnong'ono ukishaingia kwenye mkutano wa bei, hata bei nzuri watu huitilia shaka.

Mizani nayo imebadilika. Ile ya mshale aliisoma karani, akaandika karani, mkulima akaitikia. Hii ya kidijitali tuliyoletewa kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika inaonyesha namba ambazo hata mtoto wa darasa la pili anazisoma, kisha inatoa risiti.

Ni hiyo risiti iliyonifanya nishike kalamu.

Msimu uliopita mama yangu alipeleka magunia manne. Akapewa kikaratasi laini, cha aina ile inayochapwa kwa joto bila wino. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga, anapoweka kila kitu chake cha thamani. Mnada ukapita, siku zikapita. Fedha zilipoingia benki akaona ni pungufu kuliko hesabu yake, akaenda chamani, akafungua fundo mbele ya karani. Maandishi yote yalikuwa yamefutika.

"Mama, hapa hapana kitu."

"Palikuwa na kilo mia tatu na kumi na mbili, mwanangu."

Karani alipekua daftari lake, akamsomea kilo 287. Simtuhumu wizi, alizungumza na mama kwa adabu, na huenda daftari ndilo lililokosewa. Tulipoomba kumbukumbu ya mizani ifunguliwe tukaambiwa anayejua kuifungua yuko wilayani. Mpaka leo kilo 25 hazijulikani ziko wapi, na mama, ambaye alizipalilia, akazipulizia dawa ya salfa, akaziokota moja moja, ndiye aliyeonekana msahaulifu.

Korosho ikitoka chama cha msingi inakwenda ghala kuu, inaingia mnadani, fedha zinapita chama kikuu hadi benki. Njia yote hiyo sasa ina kompyuta. Mwenye ghala anaona mzigo, mnunuzi anaona mzigo, viongozi wa ushirika wanaona. Mwenye mali anaona mizani siku ya kwanza na salio siku ya mwisho. Makato ya katikati, yaani ushuru wa halmashauri, usafiri, ghala, ushirika, anayasikia mkutanoni kwa jumla, halafu anaachiwa akadirie yeye lake ni kiasi gani.

Ombi langu kwa Bodi ya Korosho na wasimamizi wa ushirika ni ujumbe mfupi wa simu. Mkulima akipima, aletewe uzito, daraja na tarehe. Korosho zake zikiuzwa, aletewe namba ya mnada na bei. Akilipwa, aletewe kila kato kwa jina lake. Simu ya kitochi inatosha, wala haihitaji bando. Namba zetu wanazo, tulizitoa tulipoandikishwa kupata salfa ya ruzuku. Asiye na simu aandikishe ya mwanawe. Nikimtumia mama Sh2,000 ya mboga, simu yake inalia papo hapo na kumtajia kiasi na salio. Kwa nini korosho za mwaka mzima zipite kimya? Gharama ya ujumbe huo mimi niko tayari kukatwa, mradi nayo ionekane kwenye orodha ya makato.

Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, timu za uhakiki zilipita mashambani kutafuta walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Wakulima halali nao walisubiri fedha zao muda mrefu, wengine wakakopa chakula wakati korosho zao zimeshapakiwa. Mtu mwenye kumbukumbu za misimu mitatu minne kwenye simu yake angekuwa na cha kuwaonyesha wahakiki. Wengi wetu tulikuwa na shamba lenyewe na ushahidi wa majirani.

Mwaka huu nimekubaliana na mama kwamba kila kikaratasi nitakipiga picha palepale kwenye mizani. Jirani yetu ameniomba nipige na vyake, na dada yake pia. Simu yangu ni moja, na foleni ya chama chetu siku ya kupima inaanza alfajiri.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara