Kwa vikundi vya akiba vya Kivu Kusini: mnapompokea aliyerudi kutoka msituni

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaokutana kila juma mbele ya sanduku la kufuli tatu, huko Walungu, Kabare na Mwenga. Binti akitoroka msituni alikofanywa mtumwa wa ngono, mara nyingi hupiga hodi kwenu kabla ya hospitali. Na hapo mlangoni mengi huharibiwa na watu wenye nia njema.

Kwanza hesabuni saa. Kama alibakwa karibuni, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na atazimeza siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi siku 5, ila kila siku inayopita huipunguzia nguvu. Najua mgeni aliyechoka tunamwogesha kwanza. Safari hii maji yamsubiri muuguzi, na nguo alizovaa zitieni kwenye mfuko wa karatasi, kwa maana plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Aliyekaa huko miezi naye aende kituo cha afya: kuna vipimo, kuna chanjo ya homa ya ini, kuna majeraha.

Mkimwona anakaa mbali na wenzake, anabadilisha kitenge kila mara na hataki kunywa maji, msimwite mchafu. Huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mkojo unavuja bila kuzuilika. Anajinyima maji ili avuje kidogo, kumbe mkojo mzito ndio unaochoma ngozi na kunuka zaidi. Anywe kwa wingi, ajipake mafuta ya mgando, apelekwe kwa mpasuaji anayeijua kazi hiyo. Hospitali ya Panzi pale Bukavu, aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa hilo. Baada ya upasuaji atakaa na mpira wa mkojo wiki 2 hivi. Kinachobomoa kazi ya daktari ni jembe la mapema, na mume asiyengoja miezi 3. Mtumeni shangazi akaseme naye. Mimba ijayo asizalie nyumbani. Azae kwa upasuaji.

Msimhoji usiku wa kwanza. Kumlazimisha asimulie yote hakumtui mzigo, na huweza kumzidishia jinamizi. Mwulizeni tu anataka kulala upande gani wa chumba. Wengi hutaka kuuona mlango.

Akirudi na mtoto, mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Tena msimbandike jina la msiba.

Watakuja wazee na mbuzi wa suluhu. Mwambieni binti kwamba sheria ya Kongo ya mwaka 2006 inautaja utumwa wa ngono kuwa jinai, na faini ya mapatano haifuti kesi. Sheria ya mwaka 2022 inampa haki ya fidia kupitia mfuko wa taifa, FONAREV. Aandikishe madai yake, kisha aendelee kuishi. Fidia haiivishi chungu cha leo.

Sasa sanduku. Msimpe mkopo mwezi wa kwanza, hata roho zikiwauma. Asiyelala usiku hula mtaji, deni linamfuata, anatoroka tena, safari hii akiwakimbia nyinyi. Mpeni kitu kutoka mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kikundini, bila kurudisha, na mkiandike daftarini kisije kikageuka masengenyo. Aanze na lengalenga kando ya nyumba: wiki 3 hadi 4 anachuma. Maharagwe yanataka karibu miezi 3, na shamba la mbali kando ya msitu ndiko wengi waliposhikwa.

Akianza kuuza, anunue hisa moja kila juma, hata wenzake wakinunua tano. Mkopo uje baadaye, usizidi mara tatu ya akiba yake, ulipwe ndani ya miezi 3. Kitabu chake akitunze mwenyewe. Kikikaa kwa shemeji, akiba ni ya shemeji.

Wala msimtengee kikundi cha peke yao waliopatwa. Kijiji kitakipa jina, na jina hilo litawafuata sokoni. Akae katikati yenu, na mtakapochagua washika funguo wa mzunguko ujao, mwulizeni kama naye anataka kupigiwa kura.

Mama yenu