Mtoto mwenye mbalanga, tumuulize na moyo wake

Mhariri,

Mimi ni mpaka hina hapa Langoni, Lamu. Mwaka jana binti wa kaka yangu, wa miaka 15, alianza kuvaa glavu nyeusi na buibui lake. Mtaa mzima ukamsifu: mashaallah, mtoto kashika dini. Nami nilimsifu. Hata usiku mmoja baada ya isha akabisha mlango wangu, akazivua zile glavu chini ya taa. "Shangazi, nipake piko mikono yote. Nyeusi tii, pasibaki peupe."

Vidole vyote kumi vilikuwa na mabaka meupe, kuanzia kuchani hadi fundo la pili. Kati ya vidole alikuwa amejisugua kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka.

Ni mbalanga, madaktari huiita vitiligo. Haiambukizi, si kwa kushikana mikono wala kwa kula sinia moja. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoshambulia chembe zinazoipa ngozi rangi. Wala haiji kwa kula samaki kwa maziwa, kama bibi mmoja alivyomwambia arusini mbele ya wageni. Piko sikumpaka. Ile ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Huweza kuunguza ngozi, hata kuiondoa rangi zaidi, na mwenye mbalanga akichubuka baka jipya laweza kutokea pale palipochubuka. Wapaka hina wenzangu, nawasihi, tusiwapake watoto piko.

Tulikesha. Akaniambia mwenzake wa dawati alihamishwa kwa ombi la mzazi, na mwalimu akakubali. Akaniambia kuna usiku hulala akiomba asiamke. Asubuhi tulipiga 116, simu ya watoto isiyolipiwa, akazungumza nao mwenyewe huku nimemshika mkono.

Hospitalini alikuwa ameshakwenda mara tatu, kila mara akapewa mafuta ya kupaka. Hakuna aliyemuuliza: unalala? Una rafiki? Nasi nyumbani hatukumuuliza. Zamani mwari alikuwa na somo wake, yaani kungwi, wa kumwambia yasiyosemeka kwa mama. Siku hizi shuleni kwake yupo mwalimu wa ushauri, lakini ndiye huyo huyo anayefundisha madarasa manne, na mlango wake huwa umefungwa.

Mei 2025 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi yapewe kipaumbele. Huku kwetu naomba machache: muuguzi anayeandika mafuta aulize pia usingizi na shule, na mwalimu awaambie wanafunzi wote kuwa mbalanga haishiki mtu, badala ya kuhamisha madawati.

Wiki iliyopita nilimpaka hina ya majani. Kwenye mabaka ilitoka rangi ya chungwa, kwingine ikakoza nyekundu ya kahawia, na maua yakapita pote pawili. Aliitazama muda mrefu. Njiani bado anavaa glavu, ila kwangu huzivua akishavuka kizingiti.

Mpaka hina,
Langoni, Lamu