Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Nyumba za Kupangisha

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imepokea malalamiko mengi, na karibu yote yalianza na maneno yaleyale: "Mpangaji wangu ni msumbufu." Wapangaji wasumbufu wapo, sikatai. Lakini tulipoomba mkataba, orodha ya makabidhiano au risiti za fundi, mara nyingi mlalamikaji alikuwa mikono mitupu. Naomba mnivumilie nikae hapo, kwa sababu hapo ndipo fedha zetu zinapopotelea.

Ugomvi wa amana, yaani fedha ya dhamana anayoiweka mpangaji anapoingia, ndio uliotuchosha zaidi. Mpangaji anahama, mwenye nyumba anaona ukuta umepauka, anazuia amana yote. Rangi iliyopauka baada ya miaka 5 ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake ni yetu. Mlango uliopasuliwa kwa teke ni uharibifu, na huo anaulipia mpangaji. Tofauti ya mambo hayo mawili haiwezi kuthibitishwa siku ya kuhama kama haikuandikwa siku ya kuingia. Piteni pamoja chumba kwa chumba, pigeni picha zenye tarehe, someni mita za umeme na maji, kisha nyote wawili mtie sahihi. Ni kazi isiyomaliza hata nusu siku. Amana yenyewe si pato. Ni fedha ya mpangaji tunayomtunzia, na inapaswa kukaa kwenye akaunti ya peke yake. Wenzetu walioshindwa kuirudisha mwaka huu hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameshaitumia kwenye matengenezo.

Kuhusu matengenezo, mimi mwenyewe nimeumia. Mpangaji wangu aliniambia mara mbili kwamba kuna doa la unyevu kwenye dari. Nilichelewa, nikidhani ni mvua tu. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta wa bafu la juu, na maji yalikuwa yakitambaa hadi kutokezea mbali kabisa na penyewe palipotoboka. Kilichokuwa kiungo kimoja cha bomba kikawa dari, vigae, rangi na waya za umeme. Yule mpangaji alifanya wajibu wake. Aliyeshindwa ni mimi, na nimemwambia hivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikipima. Funga bomba zote usiku, soma mita ya maji, isome tena asubuhi kabla mtu hajatumia maji. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Kwa choo, tia rangi kidogo ya chakula ndani ya tangi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka, na kuubadilisha ni kazi ndogo.

Sasa hesabu. Wapo waliopandisha kodi ya pango kwa asilimia 5 na kumpoteza mpangaji mwema, nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja. Miezi 11 kwa kodi mpya inaleta kiasi cha miezi 11.55 ya kodi ya zamani. Yaani wamepata pungufu ya kile ambacho wangekipata bila kupandisha chochote, na bado hatujamlipa dalali wala kupaka rangi. Sisemi kodi isipandishwe. Gharama zetu nazo zinapanda. Ninachosema ni kwamba mpangaji anayelipa kwa wakati na kutoa taarifa mapema ana thamani, na thamani hiyo iingie kwenye hesabu.

Walionunua kwa mkopo wenye riba inayobadilika wamebanwa zaidi. Riba ikitoka asilimia 10 hadi 12, gharama ya riba imeongezeka kwa moja ya tano, huku kodi iliyoandikwa kwenye mkataba haisogei mpaka muda uishe. Aliyepiga hesabu ya miezi 12 yenye mpangaji, bila akiba ya matengenezo, hana pa kupumulia.

Jambo moja linanisumbua moyoni. Wapo waliobadilisha kufuli au kukata maji ili kumtoa mpangaji mwenye deni. Mle ndani kuna watoto. Tena, katika nchi nyingi ni kosa kisheria, na anayedai anaweza kujikuta ndiye anayedaiwa fidia. Notisi ya maandishi, kisha mahakama au baraza linalohusika. Njia hii ni ndefu, najua, lakini kamati haitamtetea mwanachama aliyeiruka.

Mapato na matumizi ya chama yako kwenye taarifa ya mweka hazina. Kamati imeandaa fomu moja ya makabidhiano, ya kuingia na ya kuhama. Itagawiwa mlangoni siku ya mkutano mkuu. Kila mmoja aje na mkataba anaoutumia sasa, tuusome pamoja kabla ya kupiga kura kuhusu fomu hiyo.

Mwenyekiti