Do sio lazima iwe C

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na walimu wa kwaya na wote wanaofundisha vijana kinanda, maana kuna kitu tunakifundisha kinyumenyume na kinawachelewesha watu miaka. Mtoto akija siku ya kwanza anaambiwa do ni C, re ni D, mi ni E, anapiga ki (vibao vya kinanda) nyeupe tupu mpaka C ya juu halafu anaambiwa haya, umeshajua skeli ya meja. Hajaijua. Amejua ki nyeupe basi. Wiki inayofuata anapewa karatasi ya nota juu imeandikwa Do = G anabaki ameduwaa, si mlisema do ni C?

Skeli ya meja ni mpangilio wa umbali kati ya sauti, sio majina ya ki. Do kwenda re nzima, re mi nzima, mi fa nusu, fa so nzima, so la nzima, la ti nzima, ti do nusu. Nusu ni kutoka ki moja kwenda ile inayoigusa, iwe nyeusi iwe nyeupe, na nzima unaruka moja katikati. C inatoka nyeupe tupu kwa sababu kati ya E na F hakuna nyeusi, na kati ya B na C pia hakuna, na hapo ndo zinapoangukia mi fa na ti do. Sasa anzia G uone: G A B C D E zinaenda vizuri kabisa, ila la kwenda ti inataka nzima na kutoka E mpaka F ni nusu tu, kwa hiyo unapanda mpaka F shapu (ile nyeusi iliyo juu tu ya F), na ukitoka hapo kwenda G unapata ile nusu ya mwisho. Ukianzia F, fa haiwezi kuwa B maana A mpaka B ni nzima, inashuka inakuwa B flati (ile nyeusi iliyo chini tu ya B). Mtoto akielewa hivyo hahitaji kukariri skeli zote 12, anazitafuta mwenyewe na sikio linamwambia akikosea.

Na do kuhama sio uvumbuzi wangu jamani. Sarah Glover na baada yake John Curwen kule Uingereza karne ya 19 walitengeneza hizi nota za herufi ili waumini wa kawaida waimbe bila kujua nota za mistari mitano, wamisionari wakazieneza Afrika, na ule muziki wa wimbo wetu wa taifa Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini mwaka 1897 na nota zake zilikuwa hizi hizi za do re mi. Wafaransa na Waitalia kwao do ni jina la C kweli, ndo maana kijana anayejifunza kwa video za mtandaoni anachanganyikiwa asipoambiwa kuwa kuna mifumo miwili.

Halafu kuna hii batani ya transpozi, ile inayohamisha sauti zote za kinanda juu au chini. Siikatai, inaokoa ibada, lakini kuna wapigaji wazuri kabisa ambao miaka yote wanapiga C tu na kuhamisha kwa batani, siku akikuta piano ya kawaida au akiambiwa apige na tarumbeta za B flati (ambazo mpigaji akisoma C inalia B flati) hana pa kushika, na inauma kwa sababu kipaji anacho.

Naomba tuanze na kuimba. Waimbe mi fa, waimbe ti do, mpaka ile nusu waisikie bila kinanda, ndo wapewe kinanda na waambiwe waanzie ki yoyote. Na watunzi wetu, tafadhali andikeni Do ni ipi juu ya kila karatasi, kuna nota zinazunguka WhatsApp hazina hata hiyo na kila kwaya inabuni ya kwake, soprano wanapiga kelele na besi hawasikiki.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro