Presha ikipanda, msiulize chumvi peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa zahanati na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Mgonjwa wa presha akikutwa na 170 kwa 100, huulizwa kwanza chumvi, kisha kama anameza dawa zake. Akiapa kwamba hajaruka hata siku moja, anaongezewa kidonge kingine. Magoti hayaulizwi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Muheza, na majirani zangu wa rika langu karibu wote wana presha na maumivu ya magoti. Asubuhi wanameza losartani, ambayo ni dawa ya presha, na dawa ya kukojosha. Jioni diklofenaki, dawa ya maumivu iliyonunuliwa bila cheti, ndani ya kijibahasha kilichoandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, na basi. Diklofenaki, sawa na ibuprofeni, huufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji, na dawa ya presha ikapungua nguvu. Mama wa watu anakula mchicha chukuchuku mwezi mzima, kumbe kidonge cha magoti ndicho kinachoizuia chumvi isitoke! Zikikutana zote tatu, losartani, ya kukojosha na diklofenaki, figo zinaweza kuumia, hasa kwa mzee anayeharisha au asiyekunywa maji ya kutosha. Kwa maumivu hayo, angeanza na parasetamoli kwa kipimo chake.

Magonjwa mengine nayo yaulizwe. Mwenye pumu akipewa propranololi, dawa nyingine ya presha, anaweza kubanwa kifua. Mwenye kisukari anayetumia atenololi, ya jamii hiyohiyo, huenda asisikie moyo ukimwenda mbio, ile dalili ya kumwonya sukari inaposhuka. Jasho litamtoka, lakini nani alimwambia aliangalie jasho?

Na madafu, ambayo huku Tanga tunaambiana yanashusha presha. Yana potasiamu nyingi, na losartani huizuia potasiamu isitoke mwilini. Mwenye figo nzima anywe lake kwa kiasi. Mwenye figo dhaifu, au anayemeza pia spironolaktoni, dawa ya kukojosha ambayo nayo huizuia potasiamu, aulize kwanza, maana potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Kwa wauzaji nina ombi dogo: kabla ya kutoa dawa ya maumivu, ulizeni, "Unatumia dawa ya presha?" Na kwenye kijibahasha andikeni jina la dawa.

Aliyejiona kwenye barua hii asiache dawa ya presha ghafla. Aende kliniki na mfuko wake wote, pamoja na ile chupa ya mitishamba anayomficha daktari.

Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga