‘Punguza mawazo’ bila kipimo si ushauri

NDUGU MHARIRI,

Mtu anakwenda zahanati moyo unamdunda, kifua kimebana, viganja vinatoka jasho. Malaria hana, sukari iko sawa, presha imepanda kidogo. Anaambiwa: “Punguza mawazo.” Ingekuwa chumvi angeipunguza, maana ina kijiko chake. Mawazo yanapunguzwa kwa kijiko gani, hakuna anayesema. Basi anatoka pale kwenda kuyapunguza kwa anavyojua mwenyewe: kinywaji cha kuongeza nguvu asubuhi, sigara mchana, bia jioni, simu mpaka saa 8 usiku, na mkeka wa kubeti wa mechi kumi na tano. Kurasa za afya za magazeti yetu, na lako likiwamo, nazo huishia hapo hapo kwenye “punguza mawazo”. Naomba nafasi niweke vipimo.

Wasiwasi ni king’ora cha mwili, na king’ora kikilia bila moto bado kinatisha. Chukua abiria wa basi la mwendokasi hapa Dar aliyepanda Kimara saa 1 asubuhi, kabanwa mlangoni, hana pa kugeukia. Hofu inamshika, anaanza kuhema harakaharaka, kwa juu juu. Akihema hivyo anatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, na hewa hiyo ikishuka kwenye damu, midomo na ncha za vidole hufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana. Yeye anaona anaishiwa pumzi, kumbe oksijeni anayo tele. Anahema zaidi, na hali inazidi. Mshtuko wa namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huteremka wenyewe. Lakini abiria wetu hasubiri uteremke. Anashuka Manzese, anapata nafuu pale pale, na ubongo unashika somo: kilichoniokoa ni kushuka. Kesho atashuka Shekilango. Keshokutwa hapandi.

Nafuu ile ya haraka ndiyo inayolea ugonjwa. Bia, sigara, simu, kuzima laini ili mdai asipige, vyote vinafanya kazi moja: kushuka kituo cha karibu. Ndiyo maana kumkemea mtu aache hakusaidii. Ukimnyang’anya nafuu bila kumpa njia ya kuvumilia zile dakika 10, atatafuta nyingine.

Njia ya kwanza ni pumzi, na hapa pana kosa ambalo hata wahudumu hulifanya: “Vuta pumzi ndefu.” Anayehema tayari kapitiliza, ukimwambia avute zaidi unamwagia petroli. Inayorefushwa ni pumzi ya kutoka. Kaa, weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, kidogo tu, mkono wa tumboni uinuke na wa kifuani utulie. Toa taratibu ukihesabu hadi 6, kama anayepoza chai. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde utapata pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na 5 jioni, kwa wiki mbili, wakati huna wasiwasi wowote. Wengi huijaribu kwa mara ya kwanza siku hofu imewapanda, ikigoma wanasema haifai. Ni sawa na kujifunza kuogelea siku boti imezama. Na ule mtindo wa kupumulia kwenye mfuko uacheni: kama tatizo lilikuwa pumu au moyo, mfuko unaweza kuua.

Njia ya pili ni kurudi pale ulipokimbia, kwa ngazi. Abiria yule aanze saa 5 asubuhi basi likiwa jepesi, apande Ubungo ashuke Shekilango, kituo kimoja. Kabla ya kushuka ajiulize hofu iko ngapi kati ya 0 na 10. Kama ilianza 6, asishuke mpaka imefika 3, hata ikibidi apitilize kituo. Arudie siku nne au tano kwa wiki, na ngazi hiyo ikishamchosha kwa uzoefu, aende hadi Magomeni, kisha Kivukoni, kisha ndipo aijaribu saa ya msongamano. Kinachoharibu zoezi ni magongo: chupa ya maji mkononi, kidonge mfukoni, mdogo mtu wa kumsindikiza kila siku. Akifika salama, ubongo unawapa wao sifa. Gongo moja likitumika siku za mwanzo si neno, ila lipangiwe siku ya kuachwa.

Sasa nije kwenye vinywaji, maana huku ndiko watu wa Dar wanakojiumiza bila kujua. Kafeini huamsha king’ora kile kile: moyo mbio, mikono kutetemeka, tumbo kuvurugika. Mtu mwenye wasiwasi akiinywa anajitengenezea dalili halafu anazikimbilia hospitali. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachohesabika kuwa salama ni hadi miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito 200. Mwenye wasiwasi huweza kuvurugika chini ya hapo. Soma lebo: vinywaji vingi vya kuongeza nguvu vina miligramu 30 hivi kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa mbili za mililita 300 ni karibu 180. Ongeza kahawa ya kijiweni, ambayo kikombe chake ni kidogo lakini imechemka tangu alfajiri, na chai ya rangi ofisini. Nusu ya kafeini hukaa mwilini saa tano hivi. Uliyokunywa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado imo, halafu unashangaa usingizi umekwenda wapi.

Usiikate ghafla. Kichwa kitauma ndani ya saa 12 hadi 24 na kinaweza kuendelea wiki nzima. Punguza robo ya kiasi chako kila baada ya siku nne, ukianza na kinachonywewa baada ya saa 6 mchana. Mtego wake ni dukani: kuna vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na kafeini, miligramu 65 kila kimoja, na watu huvinywa viwili viwili kutibu kichwa kilichotokana na kuacha kafeini. Omba parasetamo tupu.

Pombe ni kinyume chake kwa saa chache tu. Inatuliza, kisha ikianza kutoka mwilini king’ora hulia kwa nguvu kuliko mwanzo. Yule anayegutuka saa 9 usiku moyo unadunda, akaanza kuhesabu madeni, sehemu ya hesabu hiyo ni zile bia. Viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini vichupa vidogo vimeshika nafasi yake na bei yake inamruhusu mtu anywe kila siku. Hapa nisisitize: anayekunywa kila siku na kuamka mikono inatetemeka asiache peke yake nyumbani kwa kishindo. Degedege la kuacha pombe huja zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Huyo aanzie hospitali.

Sigara sitaikalia. Inatuliza kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia, basi.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, nayo ina wasiwasi wake, na siwezi kumwambia mtu apumue deni likaisha. Kinachosaidia ni kuyapangia mawazo muda. Saa 12 jioni, dakika 20, kwenye meza na daftari. Yakija mchana unayaandika neno moja na kuyaambia yasubiri. Muda ukifika, gawa ukurasa katikati: upande mmoja yale unayoweza kuyafanyia kitu, upande wa pili yale usiyoweza. Upande wa kwanza, kila wazo lipate mtu, saa na kiasi. Kwa mfano: “Marejesho Ijumaa 45,000. Ninayo 20,000. Jumatano saa 4 nampigia mwenyekiti wa kikundi, namwomba siku 7 kwa 25,000.” Ukiandika “maisha magumu” umeandika kilio, na kilio hakina saa. Upande wa pili usome, ufunike daftari, ondoka pale ukafanye kazi ya mikono. Usifanye zoezi hili kitandani, kitanda kitajifunza kuwaza. Na simu ichajiwe sebuleni. Kengele ya kuamka nunua ya saa ya mezani.

Kwa wanaong’ata kucha hadi damu, kujitumbua ngozi au kunyofoa nywele, kuna mbinu iliyotungwa Marekani na Azrin na Nunn mwaka 1973 na bado inatumika. Wiki ya kwanza hesabu tu: kila mkono ukienda mdomoni, piga mstari kwenye karatasi na andika ulikuwa wapi. Utakuta mahali ni pawili patatu, mara nyingi kwenye foleni au mbele ya kompyuta. Wiki ya pili, mkono ukianza safari, kunja ngumi au shika kitu kwa dakika 1 hadi 3. Kikatio cha kucha kiwe mfukoni, maana ncha iliyokwaruza ndiyo huita meno.

Na wanaojipima presha mara sita kwa siku: mashine inapima na hofu yako. Kipimo cha kuaminika ni baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, nusu saa bila kahawa wala sigara. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika 1, asubuhi na jioni, kwa siku ambazo daktari ametaka. Zaidi ya hapo ni kushuka Manzese.

Niseme na wenye maduka ya dawa. Diazepamu, dawa ya kutuliza, inauzwa kama pipi katika baadhi ya mitaa, na mnunuzi haambiwi kwamba wiki chache zinatosha mwili kuizoea, kwamba aliyeitumia muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege, na kwamba pamoja na pombe inaweza kuzima pumzi. Aliyekwisha kuizoea apunguziwe na daktari kidogo kidogo, kwa wiki hadi miezi. Propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo ambayo siku hizi watu wanapeana kabla ya usaili wa kazi, mwenye pumu asiiguse. Dawa zinazotibu wasiwasi wenyewe, zile za kundi la dawa za sonona, huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo. Asiyeambiwa hilo huziacha siku ya tano akasema zimemkataa. Anayekwenda pia kwa shehe au mchungaji aende, ila vidonge asiviache njiani.

Si kila moyo unaodunda ni wasiwasi. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, damu ikipungua au sukari ikishuka, dalili hufanana. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi, au kuzimia, ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayewaza kujiua: asiachwe peke yake, sumu za panya na vidonge vitolewe nyumbani, asindikizwe.

Amana, Mwananyamala, Temeke na Muhimbili zina huduma ya afya ya akili. Ukienda, usianze na “nina mawazo”, utaambiwa uyapunguze. Nenda na karatasi: dalili zilianza lini, kwa wiki zinakuja mara ngapi na zinadumu dakika ngapi, kafeini na pombe kiasi gani kwa siku, dawa zote unazokunywa hata za dukani, saa unazolala, na mahali ulipoacha kwenda. Ukishapewa dawa au tarehe ya mazungumzo, uliza maswali mawili kabla hujainuka kitini: nitarajie nafuu baada ya wiki ngapi, na nikitaka kuacha nimwone nani kwanza.

Msomaji wako,
Mshauri nasaha,
Kinondoni, Dar es Salaam