Kabla hujamleta Rehema huku kwa masista

Mama Rehema dada yangu,

Salamu nyingi kutoka Tororo, sisi wazima, shule bado haijafungua kwa hiyo nina muda wa kukuandikia vizuri, maana voisi zangu unasema hazisikiki kwa sababu ya kuku wa jirani. Picha ya matokeo ya PLE, ule mtihani wa kumaliza praimari, nimeiona. Divisheni wani! Na macho yale! Mwambie anti yake amecheka peke yake hapa barazani mpaka watu wakageuka.

Sasa lile swali lako, kwamba hii shule yetu ya masista itamuweza kweli Rehema na ualbino wake, au utafute nafasi shule ya vipofu. Nakujibu moja kwa moja, mlete, ila usimlete kimya kimya. Mzazi wa Uganda akishapata admishoni anaogopa kufungua mdomo asije akanyang'anywa, anamshusha mtoto getini na godoro na sanduku, anasema Mungu atajua, alafu muhula wa pili anashangaa ripoti. Wewe usifanye hivyo.

Shule ya vipofu sikatai, kwa mtoto asiyeona kabisa ndio mahali pake pa kupata breli na watu wanaoijua. Lakini Rehema anaona, anaona kwa shida lakini anaona, na nimeshakutana na watoto wa aina yake waliofundishwa breli kwa sababu tu mtu aliona macho yanacheza akasema huyu kipofu, unamkuta mtoto ameinamia ile karatasi nyeupe isiyo na wino anasoma vinundu KWA MACHO badala ya vidole, shingo inauma, kichwa kinauma, na kitabu cha kawaida angekisoma kama herufi zingekuwa kubwa. Hapana bana. Huyu anahitaji herufi kubwa, kivuli, na walimu wanaoongea wakiandika.

Na usidanganywe na mtu wa miwani pia. Macho ya albino siyo yale ya kuvaa miwani yakaisha, rangi ndani ya jicho imepungua, mwanga unaingia mwingi kupita kiasi, na pale nyuma ya jicho panapotakiwa kuona vitu vidogo hapakukomaa vizuri, kwa hiyo miwani inasaidia kidogo lakini haimalizi. Hili uwaeleze hapa shuleni wazi kabisa kwa sababu walimu wataona amevaa miwani watasema basi tatizo limeisha, na wakimuona anapinda kichwa pembeni wakati wa somo watasema hana adabu, kumbe pale alipopinda ndipo macho yanapotulia anapata kuona.

Nikwambie kuhusu masista wenyewe. Huruma wanayo, hiyo sitawanyima. Sista mkuu akimuona tu atamshika mkono, atamuombea, wiki hiyohiyo utasikia jina lake kwenye novena, na atamwambia metroni, mlezi wa bweni, ampe kitanda cha chini. Vizuri. Lakini Ijumaa pepa ya Bayolojia inakuja na herufi zilezile ndogo kama za wengine wote, kwa sababu huruma ya Sista haijafika kwenye mashine ya fotokopi. Ndio shida ya hapa kwetu, na nadhani ndio shida ya shule nyingi za Kanisa, mtoto mwenye ulemavu anapokelewa kwa moyo mweupe kabisa alafu hakuna anayeandika popote nani atafanya nini, siku gani, na hela itoke fungu lipi. Sista akihamishwa, na masista wanahamishwa kila mara unajua, mpya anaanza upya na huruma yake mpya.

Kwa hiyo ukija, baada ya salamu na soda, omba mkae watu wanne, wewe, Sista, DOS yaani mwalimu mkuu wa taaluma, na yule mwalimu wetu wa mahitaji maalum. Huyo tunaye, alisomea Kyambogo, pale ndipo wanapowafundisha hao, anajua kazi yake sana, lakini ukiangalia taimtebo yake ana vipindi vya Historia kama wenzake na mambo ya mahitaji maalum anayafanya saa ya chai. Mimi naamini kama shule ingempunguzia hata vipindi vichache tu mambo mengi yangenyooka, nimeshalisema stafruumu na nimeshachoka kulisema, labda mzazi akisema litasikika. Mkimaliza kuongea omba iandikwe na isainiwe, kopi moja kwako moja kwenye faili la Rehema. Usione aibu. Ile sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020 inakataza shule kumbagua mtoto, hiyo ijue moyoni, ila usianze nayo mezani, ukianza na sheria Sista atanyamaza na kikao kimeishia hapo.

Cha kuandika ni nini? Kwanza walimu. S1 na S2, yaani mwaka wa kwanza na wa pili wa sekondari, kwa mtaala huu mpya ulioanza 2020 masomo ya lazima ni 11 na moja la kuchagua, hesabu mwenyewe ni walimu wangapi wanaingia darasani kwa wiki, na kila mmoja ana tabia yake ubaoni. Kuna wetu wa hesabu anaandika kwa mkono wa kulia anafuta kwa wa kushoto, wenye macho mazima wenyewe wanalia. Wote waambiwe kabla ya mtoto kuingia, kwamba unachoandika ukitamke, usiseme "hii jumlisha hii" huku umewapa mgongo, sema namba. Kiswahili ni changu mimi, hapo usiwe na wasiwasi.

Alafu pa kukaa. Kila mtu atakwambia mstari wa mbele, ni kweli, lakini mbele ya wapi? Darasa letu la S1 madirisha yako upande wa mashariki, asubuhi jua linaingia lote, ukimkalisha hapo mbele dirishani umemfunga macho kabisa. Akae mbele upande ambao mwanga unatoka nyuma yake, na aruhusiwe kusimama akasogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Jambo dogo hilo lakini watoto wa S1 wanaogopa, akishaulizwa mara moja "wewe unatembea tembea nini" hatosimama tena mpaka S4.

Sasa simu. Hapa utapata vita kidogo. Simu kwa wanafunzi zimekatazwa, unajua shule za bweni zilivyo, ikionekana inachukuliwa. Lakini kwa mtoto kama Rehema simu yenye kamera nzuri ndiyo darubini yake, anapiga picha ubao, anaikuza kwa vidole viwili, anaandika taratibu. Nilichofikiria mimi ni tableti isiyo na laini, ikae kwa mwalimu wa mahitaji maalum, aichukue asubuhi airudishe preepu, masomo ya jioni, ikiisha. Hilo nadhani Sista atalikubali maana hakuna cha WhatsApp usiku. Kama hela haitoshi kwa sasa basi hata lensi ya kukuzia ya mkononi, na pepa za testi zikuzwe kwenye A3. A3 ni ghali kuliko kopi ya kawaida, wakikwambia mzazi achangie usigombane, changia, lakini iandikwe kwamba ni kila testi na siyo siku mwalimu akikumbuka.

La UNEB, baraza la mitihani, nisikilize vizuri sana. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum anaongezewa dakika 45 kwa kila pepa, na mwenye uoni hafifu anaweza kuletewa pepa ya maandishi makubwa. Lakini haviji vyenyewe, shule ndiyo inamtaja wakati wa kusajili, na inaambatanisha karatasi za daktari. Asipotajwa, siku ya mtihani bahasha inafunguliwa, ndani hamna kitu chake. Namjua mtoto mmoja, shule sitaitaja, alifika S4 kila mtu shuleni akijua macho yake yalivyo, mapadri wanajua, mpishi anajua, na fomu ya kusajili ilienda bila hata alama moja. Alifanya pepa za kawaida kwa muda wa kawaida. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa.

Utasema S4 ni mbali. Siyo mbali dada, maana mtaala huu asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa S4, inatoka kwenye kazi za shuleni na projekti, ule mtihani wa mwisho ni 80, kwa hiyo akipoteza huku darasani kwa sababu haoni ubao tayari ameshapoteza kabla UNEB hawajafika. Na nikuulize, kwenye PLE walimpa zile dakika 45? Kama walimpa basi kuna karatasi mahali fulani pale shule yake ya praimari, nenda kwa hedimasta umuombe kopi kabla hujasafiri. Kama hawakumpa na bado kapata divisheni wani, basi mimi sina la kusema, huyo mtoto ni wa barakisi kweli, kama sisi tuliokulia kambi ya jeshi kule Jinja.

Jua sasa. Darasani kuna paa, shida ni kwingine kote. Asemboli Jumatatu ni uwanjani. Foleni ya posho, yaani ugali, ni nje. Jumamosi kufua ni nje, saa nne mpaka saa saba jua lote. PE, somo la michezo, iko kwenye ratiba. Na adhabu ya hapa ni kufyeka nyasi, kwa hiyo uombe kabisa iandikwe kwamba akikosea, na atakosea, mtoto ni mtoto, apewe adhabu ya ndani, afagie maktaba huko. Yunifomu ni mikono mifupi, omba mirefu. Mafuta ya jua yawe SPF 30 kwenda juu na ayapake tena kila baada ya masaa mawili akiwa nje, chupa moja ikae kwa metroni nyingine kwenye sanduku lake, kwa sababu za sandukuni wenzake watapaka wakidhani ni losheni ya kung'arisha, usicheke nimeshaona.

Kofia hawaruhusu. Hijabu pia hawaruhusu, najua ulitaka kuuliza ukaona haya. Mimi nasema uombe vyote viwili kikao kimoja, maana wakikataa hijabu kwa sababu ya yunifomu itabidi wakubali kofia pana kwa sababu ya ngozi, na wakishakubali kichwa kufunikwa sijui watabishania nini tena, haha. Waislamu tunao wengi tu hapa. Misa ya Jumapili wote wanaingia, hilo sikufichi, Rehema atakaa na wenzake nyuma hatolazimishwa kupiga magoti. Somo la dini mtaala unaruhusu CRE ya Kikristo au IRE ya Kiislamu lakini mwalimu wa IRE hatuna, kwa hiyo atasoma CRE mpaka S2 kisha anaweza kuiacha. Ramadhani metroni anawawekea chakula cha daku, hiyo shule imezoea miaka yote. Mzee akiona hili la Misa ni zito mwambie anipigie mimi, tutaongea.

Majina watamwita. Wiki ya kwanza mzungu mzungu, alafu wanazoea, wasichana wa hapa siyo wabaya. Kinachonitia wasiwasi mimi ni nje ya geti, unajua mambo tunayosikia juu ya watu wenye ualbino. Waandikishe majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, wewe, baba yake na mimi, basi, na hata mtu akija na barua ya mjomba asipewe mtoto.

Basi ndio hivyo. Ukishapanda basi hapo Arua nipigie mkishavuka daraja la Karuma nijue mtaingia Kampala saa ngapi. Mkifika msikimbilie taksi za Tororo siku hiyohiyo, lala kwa wifi, asubuhi pitia soko la Owino umnunulie kofia mbili za ukingo mpana na mashati ya mikono mirefu, mitumba mizuri kama ya kule, huku kwetu hatuipati. Barua ya daktari wa macho usiiweke kwenye sanduku, iweke kwenye pochi yako. Na odi ya simsim, ile ufuta wa kusaga, kopo moja, la kwangu, siyo la masista.

Msalimie mzee na watoto wote.

Wako,
Mama Baraka